Kilo Moja na Robo

Mwenye duka kule Kisutu alitandaza flaneli ya kijani,
akaweka juu yake kitu kidogo kama kobe mchanga.
"Hii ya akina mama," akasema. "Inaingia mkobani."
Nikamwambia, Bwana Hirji, mkobani mwangu
mna miwani, kitana na risiti za Luku.
Sitafuti cha kuficha.
Natafuta cha kunyooshea mkono
mchana kweupe, Jumamosi,
mbele ya karatasi yenye duara.

Akanitazama kama anayepima kitambaa:
miaka hamsini na mbili, vidole vifupi,
harufu ya spiriti ya maabara haijanitoka kuchani.
"Kubwa itakuchosha, Bi Nasemba."
Labda. Hata ngazi za hospitali zinanichosha
na sijaomba zipunguzwe.

Kunduchi, ndani ya shimo lililoachwa na wachimba kokoto,
klabu yetu ina mabenchi manne na bati moja la kivuli.
Koplo mstaafu Mwakibinga huazimisha za klabu
kwa zamu, kwa daftari, kwa maneno machache:
mtutu mbele, kidole nje, mdomo ufungwe.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi, mpya.
Ilinipiga teke hadi kwenye kiwiko,
na matundu yake karatasini
yalitawanyika kama kuku waliomwona mwewe.

Ya pili, jamani, ya pili ilikuwa na sura!
Mpini wa mti mwekundu, fedha ubavuni;
vijana wa benchi la tatu wakaacha soda zao.
Ila kidole changu hakikufika kwenye kifyatulio
mpaka niipindue mkononi
kama ufunguo wa nyumba ya mtu.
Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa ya marehemu Shaweji wa benchi la mwisho;
mjane wake anaiuza, na hana haraka.
Chuma kitupu. Rangi imebanduka pale gumba lake lilipokaa.
Kilo moja na robo, risasi zikiwamo.
Nikaiinua, ikaniuliza: una uhakika?
Nikasema sina. Ikatulia.

Hapa ndipo wengi hawanielewi.
Uzito ule humeza teke kabla halijafika begani,
na urefu ule, toka alama ya nyuma hadi ya mbele,
ni rula ndefu:
ukipinda hata unywele, unajiona unavyopinda.

Nilifyatua tano. Nikavuta pumzi. Tano nyingine.
Mwakibinga akaileta karatasi, kimya.
Duara jeusi zima, halina hata mkwaruzo.
Chini, kushoto, matundu kumi
yamebanana, ungeyafunika kwa kizibo cha soda.

Vijana wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi,
kwani miaka ishirini na saba nimekaa na mashine za damu,
na ile inayozidisha mbili kila siku, mbili ileile,
hiyo naiamini: natoa mbili, naandika jibu.
Ninayoiogopa ni ile inayopatia leo,
kesho ikaniulia mtu.

"Nachukua hii."
"Hujapata hata moja, mama."
"Kumi zimekaa pamoja, Koplo. Kilichobaki ni kuzihamisha."

Kibali bado kiko polisi, faili juu ya faili.
Kwa hiyo usiku, Magomeni, umeme ukikatika,
nasimama koridoni na pasi ya mkaa ya marehemu mama,
haina moto, chini yake hakuna nguo,
mkono umenyooka kuelekea kitasa cha mlango wa choo.
Sekunde thelathini. Arobaini.
Jana mpangaji mwenzangu alitokea na tochi ya simu,
akasimama, akaimulika ile pasi hewani.
"Unapiga pasi gizani, jirani?"
"Napiga," nikamjibu,
na mkono ukaanza kutetemeka.
Nikaingia ndani, nikapapasa kalamu,
nikaandika kwenye kalenda: hamsini na moja.