Waliolala Humu

Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa jepesi:
watu wangapi walilala humu usiku wa kuamkia leo?
Nililiuliza Mbita, nikaliuliza Sena,
nikajibiwa sita, nikajibiwa wanne na kichanga.
Kisha boti ikanishusha Nyakirindo,
kwa Wandiri,
mabaharia wanaonifikia kiunoni,
wafua chuma tangu ziwa halijajua jina lake,
ndevu wamezisuka kwa uzi wa nyavu,
na viganja vyao, sisemi uongo,
vipana kuliko kibao changu cha kuandikia.

Bibi Nyamgero alinipa uji wa wimbi kwanza.
Nyumba yake ni chombo, na chombo ni nyumba yake,
kimelala majini kizito kama ng'ombe mwenye mimba.
"Walilala mia mbili na kumi na mmoja," akasema.
Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Akawasha koroboi, akanishusha ngamani.

Misumari.
Kila taruma, misumari, kichwa kwa kichwa.

"Kwetu mtu akifa hatumpeleki mbali.
Tunatwaa chuma alichokishika kuliko vyote,
jembe, nanga, kisu cha kuparua mbuta,
tunakifua kiwe msumari mmoja,
na anayeugonga ni mjukuu aliyemkosea zaidi.

Huyu ni babu Magonya. Alikuwa mkali,
tumemweka omo apigwe na mawimbi kabla yetu.
Huyu ni shangazi, ona kichwa kilivyopinda,
hata alipokuwa hai hakukubali kunyooshwa.
Na wale watatu chini kule walikufa na madeni.
Wanashika mkuku.
Watashika mpaka walipe."

Akapita akigusa mmoja mmoja kwa kidole gumba,
akiwapa habari: omena imepanda bei,
binti wa Werimba kajifungua pacha,
kuna mgeni, karani, ana viatu vya kuteleza.
Nikauliza anawaomba nini.
"Waliokesha wakikubeba huwaombi.
Unawaamkia."

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba serikali
huhesabu walio hai tu.
Akanitazama kutoka chini, na bado nikajiona mfupi.
"Kwani serikali yenu
inaelea juu ya nini?"

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.

Nilipokuwa nikifunga mkoba
nikaona chungu kando ya mto wa kulalia,
kimejaa mafuta ya mbuta, na ndani
msumari ambao haujagongwa popote.
Hapo sauti yake ikashuka.
Kisero, kitinda mimba wake,
alitoka Jumanne kupeleka nanga Usenge.
Ziwa halijamrudisha,
wala halijasema.
Kila Jumanne huutoa, huufuta kwa kanga,
huurudisha mafutani usishike kutu.
"Nikiugonga nitakuwa nimefunga mlango
na mtoto yuko nje, kwenye baridi."

Kalamu yangu ilikuwa inasubiri.
Nikauliza, maana kazi ni kazi:
"Basi huyu, mama, alilala humu au hakulala?"

Akafikiri kwa muda mrefu.
Maji yakapiga ubavu wa chombo, pu, pu,
upande wa kina Magonya.

"Mwandike kwa penseli," akasema.

Msimamizi alinirudishia karatasi ile na duara jekundu.
Mia mbili na kumi na mmoja, Ochilo? Ulikunywa nini huko?
Nikamwambia uji.

Usiku nikafika Nyalenda, mvua ikitwanga mabati,
na fomu ya nyumba yangu ilikuwa bado tupu.
Mimi. Akeyo. Watoto wawili.
Kwenye droo ya kabati, chini ya risiti za stima,
iko spana namba kumi na tatu
ya ndugu yangu Obunga, fundi baiskeli,
aliyetoka kununua mkate mwaka ule wa moshi.
Ilikuwa imeanza kutu mdomoni.
Nikaipaka mafuta ya kupikia.
Akeyo aliniona, akageukia ukutani, hakuuliza.

Watu wangapi walilala humu?
Wanne, nikaandika kwa wino.

Kisha nikaenda kupekua
mkoba wa shule wa mtoto.