Sahani ya Mwanatumu

Msimu wa kwanza ulipoisha
nilirusha kandambili.
Ilimpata Orkan puani, pale kwenye kioo,
kapiga magoti thelujini
na Selvi keshapanda ndege.
Nikamwambia: mwanamume mzima,
njia ya uwanjani umeijua leo?
Majina yakaanza kupanda juu ya uso wake,
majina ya watu nisiowajua, na mimi, mguu mmoja peku,
nikayasoma yote hadi la mwisho
kana kwamba mmoja wao angeniomba radhi.

Msimu wa pili sikurusha kitu.
Nilitia chumvi maharage mara mbili.
Mhina, katoka zamu ya saruji, kope bado nyeupe,
akala, akanywa maji, akala.
Mtoto akataka kusema. Akamwambia,
"Mwache mama yako, kafiwa."
Na kweli. Mama yake Selvi, yule wa kikohozi,
walimzika kwa dakika nne,
tangazo la sabuni likaingia
kaburi halijajaa.

Wa tatu ndio nisiousahau.
Saa nne kasoro dakika sita.
Orkan mkono juu ya kitasa,
nyuma ya mlango kuna mtu,
miezi mitano tunauliza ni nani,
kitasa kinaanza kuzunguka —
luku ikaisha.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta,
Barabara ya Kumi na Tatu, taa inawaka.
Kwa Mwanatumu.
Na Mwanatumu sisemi naye tangu Mfunguo Tatu,
kwa ajili ya ndoo, na foleni ya bomba,
na neno moja alilolisema yeye
ambalo yeye anasema nililisema mimi.

Niliingia bila hodi,
kanga nimeivaa nje ndani,
maneno yake yamegeuka, hayasomeki.
Hakuuliza. Alisogea mkekani.
Sikukaa. Kukaa kungekuwa kusamehe.
Mlango ukafunguka, tukapiga ukelele mmoja,
mkono wake ukanidaka kifundo cha mguu
ukakishika hivyo
hadi jina la mwisho likapita.

"Wapelekee watoto," akasema, hanitazami.
Vitumbua vinne, sahani ya bati,
ua jekundu katikati, ukingo umebanduka.

Ikawa sahani ya njia.
Ilikwenda na kachori, ikaja na mihogo,
ikaenda na vibua vya kukaanga, ikaja na tende.
Tupu haikuvuka kizingiti hata siku moja.

Basi msimu wa nne ukaishia kwangu,
umeme nimeununua tangu asubuhi.
Barabara ya Kumi na Mbili wana dishi,
picha huwafikia kabla yetu kidogo.
Tukasikia mtaa mzima unalia
na sisi bado tunaona daraja, mvua,
Selvi na Orkan, wote wawili wazima.
Tukajua mmoja anakufa. Hatujui yupi.
Sijawahi kuwapenda watu
kama nilivyowapenda sekunde zile.

Risasi. Kioo kikawa cheusi.

Nikasema: kidole chake kimetikisika, Orkan mzima.
Akasema: kafa. Maiti hutikisika.
Nikasema: we macho yako tangu lini yanaona,
hata ndoo yako na ya mwenzio huzijui.

Nilisikia neno lilivyotoka.
Mwanatumu akaokota mtandio,
akatafuta viatu vyake, taratibu, akaenda.

Sasa ni mwezi wa tatu.
Saa tatu usiku nakaa palepale.
Saa ile wameweka mpira.
Sijui mpira, wala Mwanatumu hajui,
lakini ukutani nasikia mtangazaji yuleyule,
goli lilelile, na kimya cha mtu
ambaye hajali nani kafunga.

Sahani iko kabatini.
Inasemekana msimu wa tano ni baada ya Idi.
Nitakaanga visheti.
Nitagonga saa tatu kasoro robo,
nitasema nimeleta chombo cha watu.
Na kama kweli Orkan kafa
sitabisha.
Nitabisha kidogo.