Vidole Vinne Chini ya Goti

Daktari Kuang alichora duara kwa kalamu ya wino
kwenye picha ya mguu usio na mwenyewe.
Vidole vinne chini ya goti, akasema,
kisha upana wa kidole kimoja nje ya muundi.
Hapo panaitwa Maili Tatu.
Na kipimo, akanionya, ni vidole vya mgonjwa,
si vyako wewe.

Hilo la mwisho nililitafuna ndani ya basi
mpaka nikapitiliza kituo.

Maana baba mkwe wangu, mzee Tu Hongye,
mkono wake wa kulia una vidole vitatu;
viwili vilibaki kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao
mwaka aliozaliwa mume wangu.
Umebaki wa kushoto,
na wa kushoto haupewi mtu.
Miaka kumi na mmoja, mimi mkaza mwana,
nimempikia uji wa mchele, nimemfulia,
hata nywele nimemkata,
na mkono huo sijaushika.
Siku ya harusi alipokea chai yangu kwa kukishika kikombe ukingoni,
vidole vyangu vikabaki hewani.

Nje, theluji ya Qichun ni majimaji tu,
haijui inyeshe au ianguke.
Mvuke wa supu umelipofusha dirisha.
Mume wangu yuko Dongguan, anaunganisha simu za watu;
yetu huipiga Jumapili.
Mzee amekunja suruali mbili, ya nje na ya ndani.
Miguu yake, vijiti viwili vya kulia
vilivyosahauliwa mezani.

"Haya," asema, akiutazama ukuta.
"Baba, naomba mkono."
Birika likajibu badala yake.
Kisha ukaja, mkavu, mzito kuliko nilivyodhani.
Nikaulaza chini ya pia ya goti,
nikahesabu: cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho.
Cha mwisho kilikuwa kinatetemeka.
Sikusema. Naye hakusema kwamba nimeona.

Pakanga hii ilivunwa mwezi wa tano,
ikakaa ghalani miaka mitatu mpaka ikasahau ukijani wake,
ikatwangwa, ikachekechwa, ikawa sufu,
ikasokotwa kwenye karatasi kama sigara ya jitu.
Inaungua bila ulimi wa moto.
Naisogeza, naiondoa, naisogeza,
shomoro adonoaye mtama
asiyeamini kuwa ameachiwa.
Ngozi ikaanza kuiva, duara la ukubwa wa sarafu.
"Inachoma?"
"Bado."
"Inachoma?"
"Nilibeba magogo mimi. Usiniulizeulize."

Jirani wa juu akagonga sakafu, moshi umemfika.
Nikamwacha agonge.

Jivu lilikuwa limerefuka na mimi niko mbali, kwenye bei ya gesi.
Likadondoka.
Mzee hakuruka. Alivuta pumzi kwa meno,
na mkono ule wa kushoto ukanidaka kiwiko,
si kwa hasira, bali kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani.
Samahani, baba, samahani.
Akalipuliza jivu mwenyewe.
Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu yangu,
mishipa imejisokota kama mizizi ya tangawizi:
kutwa nzima nasimama dukani nikipima karanga.
"Nawe," akasema, "kunja suruali."

Nilicheka, kisha nikaona hatanii.
Aliutaka mkono wangu.
Akaulaza chini ya goti langu, akakosea,
akaushusha kidogo, akakosea tena,
akatukana kimyakimya, akapapata.
Kwa vidole vitatu akaishika pakanga
kama wenzake wanavyoshika kalamu.

Aliishika mbali mno. Joto halikunifika.
"Inachoma?" akauliza.
"Kidogo," nikasema.
Juu, jirani akagonga tena.