Timazi ya Katungu

Jiwe lililomeza nyumba ya mama yake
ndilo analolichonga Katungu
hapa Majengo, kitenge juu ya suruali,
nyundo ikilia hadi kwa wauza makaa.

Siku ya kwanza walicheka:
"Mwanamke na timazi!"
Hakujibu. Aliuning'iniza tu uzi wake,
ukasimama wima.
Wakanyamaza.

Ukuta wa shule umefika madirishani.
Mimi nachanganya saruji, nahesabu ndoo, nakosea.
"Anza tena," anasema, bila hasira,
kama alivyojiambia mwenyewe mara ngapi sijui.

Jioni ananawa, beseni linajaa maji meusi.
Juu ya mlima anga ni nyekundu.
Anaukemea kama jirani mlevi:
"Mawe tunayo ya kutosha.
Lala, basi."