Akidi

Mimi sina kura.
Naliandika hili kwanza, kama niandikavyo tarehe
juu ya kila muhtasari.
Wajumbe ni saba, hawalipwi ila nauli na mkate wenye jibini.
Mimi nalipwa na jiji la Washington
kuwatafutia chumba, kuwajazia jagi la maji,
kumwamsha mwanasheria wa jiji,
kuhesabu viti.

Chanda chema huvikwa pete, sawa,
lakini kuna mtu aliyekaa kuipima pete.

Leo theluji imefika magotini. Madaraja ya Anacostia yamefungwa.
Wamekuja watatu, wanakung'uta viatu.
Akidi ni wanne.
Watatu ni watu wenye busara tu.
Wanne ni Bodi.

Faili la kumi na moja ni la Tsegereda Woldu,
muuguzi wa miaka kumi na minne mjini Keren,
ambaye hapa hupiga deki katika wodi
ambayo angeweza kuiongoza.
Chuo chake nilikiandikia mara sita, kimya.
Mara ya saba nikapiga simu, saa tisa usiku kwetu,
nimevaa gauni la kulalia,
nikasikia mtu akivuta droo, akipuliza vumbi,
akanisomea alama: anatomia themanini na tatu,
madawa tisini, ukunga...
akanyamaza kidogo. Ukunga, mia.
Nikamwambia, baba, sauti si muhuri.
Muhuri umefika jana
katika bahasha inayonuka mafuta ya taa.

Faili la kumi na mbili ni la Curtis Vandergriff.
Alivuta mofini kwenye bomba la sindano,
akawarudishia wagonjwa maji.
Kesi yake haiamuliwi kwa simu, kanuni zimekataa.
Kwa hiyo, bila mtu wa nne,
huyu bado ni muuguzi
na yule bado si muuguzi.

Mwaka jana, siku ya bajeti, diwani mmoja aliuliza:
hivi hawa makarani wa bodi hufanya nini hasa?
Nilikuwa nimekaa palepale na jibu langu.
Zamu yangu ya kusema haikuwamo kwenye ajenda,
na ajenda niliichapa mimi.

Saa tatu na nusu nikampigia Bi Lavinia Broadnax,
miaka sabini na mmoja, nyonga ya chuma, mtaa wa Brookland.
Akasema, mwanangu, hata ngazi zangu sizioni.
Nikampigia Dwight wa idara ya barabara.
Dwight akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Saa tano kasorobo
lori la chumvi la jiji likasimama mlangoni, taa za manjano zikizunguka,
na Bi Lavinia ameketi mbele, juu kule,
fimbo mapajani, kofia ya kanisani kichwani.
Akaingia na chumvi kwenye viatu,
ikasagika sakafuni hadi kwenye kiti chake.

Nikaandika: *Wapo wanne. Akidi imetimia.*

Tsegereda, mikono minne juu.
Hakuwapo kuiona. Alikuwa zamu, na ndoo.
Vandergriff, mikono minne,
wa Bi Lavinia ukichelewa kidogo,
maana aliwahi kumfundisha kijana huyo
kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza.
Mkewe Vandergriff, safu ya nyuma, hakuvua koti
tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika muhtasari hakuna safu ya lori la chumvi.
Hakuna safu ya saa tisa usiku.
Kuna *imependekezwa*, kuna *imeungwa mkono*, kuna *imepita*.

Wamekwenda. Nimeosha jagi.
Nachapa leseni namba moja, na mashine,
iliyoombewa fedha za matengenezo miaka mitatu,
inakwama katikati ya jina: Tsegere
Nafungua kifuniko, naingiza vidole kwenye joto,
navuta karatasi polepole isichanike,
nachapa upya.