Mabawa ya Uzi

Cherehani yangu inatazamana na lango la kambi, Lanet,
kati ya bucha na kibanda cha kutengeneza simu.
Kibao kinasema: MAJINA. VYEO. MABAWA.
Kushona mabawa ni mia mbili.
Kufumua ni hamsini.
Miaka kumi na tisa sijapandisha bei ya kufumua.

Nawajua kwa futikamba kabla sijawajua kwa jina.
Wakija Septemba kiuno ni thelathini na nne;
kufikia Desemba nimeingiza mishono miwili kila upande,
na ile shingo iliyokuwa ya mtoto wa mtu
imeanza kugeuka yote kwa pamoja, kama mlango.

Omuse alitoka Amagoro na koti la babake.
Alijua uzito wa kila ndege,
alijua mafuta inayokunywa kwa saa,
akinieleza mikono ikiwa wazi, nikimpima kwapa.
Macho yake yalisoma bei ya maini
kutoka ng'ambo ya barabara.
Sikio la kushoto ndilo lililomkataa.
Huko juu, alisema, ni kama mtu anakugongea mlango
na wewe huna ufunguo.
Alirudi na ovaroli begani, nikafumua jina lake,
herufi tano. Sikuchukua hamsini.
Siku hizi anahesabu magunia ya saruji Malaba.
Ndege ikipita haangalii.
Shingo ndiyo huanza kugeuka, kidogo,
kisha inakumbuka.

Jebiwott yeye alirudi kutoka Laikipia na mabawa mfukoni,
amefungia kwenye leso kama nauli.
"Mama Rasoa, shona kama hutaki yatoke."
Nikapitisha uzi mara nne.

Jana redioni walikuwa wanabishana.
Mmoja, sauti ya mtu aliyeshiba:
rubani mmoja ni mamilioni ya umma,
afungwe miaka kumi na mitano, kumi haitoshi,
mashirika ya nje yanatuvunia shamba tulilolima.
Mwenzake akamuuliza, mnamfunga kwenye nini?
Ndege inangoja kipuri tangu masika,
kijana anaruka saa nne kwa mwezi,
zilizobaki anaendesha meza.
Mtu wa Bahati akapiga simu, akataka kujua
kama na walimu pia watafungwa, maana ana binti.
Mwenye bucha akaacha kukata.
"Ng'ombe wa kufungwa," akasema,
"maziwa atatoa. Lakini angalia ndoo."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni.
Jebiwott alikuwa ameketi palepale, benchi la wateja,
miaka tisa na miezi minne ya mkataba,
barua ya Waarabu imekunjwa ndani ya kofia.
Ana mwana wa miaka mitatu anayemwita Afande.
Ovaroli ilikuwa mapajani pake.
Hakusema kushona. Hakusema kufumua.
"Nikiyatoa," akauliza, "alama itabaki?"

Nikaipeleka mlangoni penye mwanga,
nikainua ukingo wa bawa kwa ncha ya mkasi.
Chini yake kitambaa kilikuwa kijani kama siku ya kwanza.
Kwingine kote, jua na sabuni vimekula.
"Itabaki," nikamwambia.
Akapagusa kwa kidole,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Lango likafunguliwa, kundi jipya likatoka mbio,
viatu, vumbi, mmoja wa nyuma akikohoa.
Redio ikahamia bei ya mahindi.
Jebiwott akavaa kofia, na barua ndani yake,
akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto,
yeye aliyefunzwa kutazama kila upande.

Ovaroli iko kwenye msumari nyuma yangu.
Upepo ukishuka kutoka Menengai
mkono wake mmoja unanyanyuka, unashuka.
Mkasi nimeuweka kwenye droo, chini ya vifungo.
Hajalipa hamsini.
Hajalipa mia mbili.