Kilo na Nusu

Fomu inauliza: kwa nini tiba ya usemi?
Jibu kwa maneno mia tano, yasizidi.
Nikaandika: "Tangu utotoni nilipenda kusaidia watu."
Nikafuta. Uongo.
Utotoni nilipenda shokishoki na kulala.

Naanza tena, hapa Wete, juu ya cherehani ya mama,
simu nimeitundika dirishani inase mtandao:

Wodi ya wanaume, kitanda cha nne.
Mzee Ngwali Shaame, mpima karafuu miaka thelathini na moja.
Kiharusi kilimwingilia usiku kama mwizi aijuaye nyumba,
kikakomba maneno yote,
kikaangusha machache mlangoni.
"Kilo na nusu," husema akitaka maji.
"Kilo na nusu," mkewe akimfuta mate.
Siku mwanawe alipofika kutoka Mombasa
alimshika uso kwa mkono uliobaki na nguvu,
akamwambia, machozi yakimtoka:
kilo na nusu, kilo na nusu.
Wodi nzima tulielewa.
Daktari akaandika: *hawezi kuongea.*

Mimi muuguzi. Najua kumgeuza mtu asipate vidonda,
najua kumlisha uji asipaliwe, kiasi.
Lakini nani ataingia ndani ya kilo ile
akaone kilichofungwa?
Niliuliza Chake, nikauliza Unguja.
"Mtaalamu wa hayo? Labda ng'ambo."

Haya hayakuenea kwenye mia tano.

Niliomba vyuo viwili,
maana bangili za mama zilikuwa mbili.
Mwalimu wangu wa zamani aliichelewesha barua ya mapendekezo
hata nikamfuata shamba;
akaiandika wima, karatasi juu ya pishi,
ikanukia safari nzima.

Majibu yakaja mwezi mmoja. Yote ndiyo.

Chuo cha kwanza kina jina, majengo kama hoteli,
na nusu ya ada watanilipia.
Wakanitumia kipimo chao cha watoto, nikizoee:
picha thelathini, *taja unachokiona.*
Nikamwita Saumu wa jirani, miaka minne, mdomo hauna kufuli.
Theluji akaiita pamba.
Mtu wa theluji akamwita jini, akataka tufunge kitabu.
Kwa hesabu yao
Saumu amechelewa mwaka na nusu.

Chuo cha pili kiko bara, ukuta wake haujesha,
ada nijitafutie.
Usaili ulikuwa wa simu. Umeme ukakatika,
mama akanimulika tochi usoni kama polisi.
Mwalimu, mwanamke wa sauti nzito,
aliuliza maswali ya karatasi, kisha moja la kwake:
"Mtoto wa kwenu akisema *nkono, nkate, ntoto,*
utaandika ana tatizo gani?"
Nikacheka, sikujizuia.
Nikasema: Huyo mzima, mwalimu. Huyo kamsikia mamake.
Kimya.
Kisha nikasikia kalamu.

Ami Khatib kapiga kutoka Maskati:
"Chukua jina, mwanangu. Jina ndilo mkate."
Huenda. Lakini mkate upi, ami,
wa *m* au wa *n*?
Sikumjibu hivyo. Nilimwambia salio linakwisha.

Jana nilikwenda Mtambwe, kwa Mzee Ngwali.
Nikampa barua zote mbili.
Akazipima kiganjani moja moja, macho kafumba,
mazoea ya kazi.
"Kilo na nusu." Ya pili: "Kilo na nusu."
Basi. Hakunichagulia,
na mimi nilishachagua tangu ile kalamu.
Ada sijui. Cherehani labda.

Nimeshavaa viatu, kaniita.
"Kilo," akasema,
akakwama. Midomo ikawa inatafuta,
shingo imemtoka mishipa.
Mkewe akafungua kinywa ammalizie,
nikamshika mkono.

Tukasubiri.
Nadhani kazi yenyewe ndiyo hii.
Tukasubiri,
chai ikapoa.